Kelele za Nyumba ya Baba Hamisi

Mama Hamisi alizikwa kabla ya adhuhuri, nami nikafika Majengo jioni, nimechelewa kwa sababu sisi wengine tumezoea misiba inayongoja mochari wiki mbili huku kamati zikikutana. Waislamu hawana mchezo huo. Nilitoka Kutus, ninakouza mchele, nikashuka Nyeri kwenye manyunyu ya Julai, na nilipofika kwenye ploti, ule ua wa vyumba vya kupanga tulikokulia, nikakuta viti vya plastiki vimeshaanza kupangwa kimoja juu ya kingine. Hamisi alinipokea getini. Ana kipara sasa, na tumbo, na anatembea kama baba yake alivyotembea kabla ya mwaka ule, mabega mbele, kama mtu anayesukuma lori lililozimika. Wajukuu wa marehemu walikuwa wamejibanza kwenye veranda wakicheza gemu kwenye simu, risasi zinalia, wanagombana nani amemuua nani. Shangazi mmoja aliyetoka Karatina akawafokea, "Nyinyi watoto hamna adabu? Hapa kuna msiba! Zimeni hiyo takataka!" Hamisi akamwambia kwa upole ambao sikuutarajia, "Waache, shangazi. Waache na kelele yao." Mimi nikajifanya natafuta leso kwenye mkoba, kwa sababu nilijua tukiangaliana mimi na Hamisi nitalia mbele ya watu nisiowajua, na mimi si mtu wa kulia hadharani.

Watu wa rika langu wana ugonjwa wa kutumiana picha za utoto wao kwenye simu. Peremende za zamani, viatu vya plastiki, na mara nyingi sana ile mashine ya gemu ya kijivu iliyochomekwa nyuma ya televisheni, ile ya kaseti za manjano na padi mbili za kushikwa mkononi. Chini yake wanaandika kwamba utoto ulikuwa mtamu na watoto wa siku hizi hawajui raha. Mimi picha hizo huzipita haraka. Si kwamba sikuipenda ile mashine. Niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kushika hadi nilipozaa. Lakini kila nikiiona nasikia harufu ya dawa ya kuua viini, na nasikia kikohozi nyuma ya pazia, na hamu yangu ya kukumbuka raha inaisha palepale.

Nilikuwa darasa la saba. Ploti yetu ilikuwa na vyumba vya mabati vilivyoangaliana, mfereji mmoja wa maji ya bomba katikati, na kamba za nguo zilizopita juu ya vichwa vyetu toka ukuta hadi ukuta. Baba Hamisi alikuwa dereva wa lori la mchele. Alibeba mchele kutoka viwandani Mwea, akaupeleka popote alipotumwa, na alikuwa mtu wa kelele kweli. Alicheka kwa kelele, alinawa uso kwa kelele, aliposali tu ndipo ungesahau kwamba yupo. Siku moja, akingoja magunia yapakiwe, alizunguka hadi Kutus, akamkuta fundi wa redio akiuza ile mashine, naye akaileta nyumbani imefungwa kwa gunia tupu. Alisimama katikati ya ua akatangaza, "Nimeenda kuchukua mchele, nimerudi na vita!" Na vita vilikuwa vita kweli: askari wawili wadogo, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, wakikimbia msituni wakipiga risasi, wakivuka maporomoko ya maji na daraja ambalo lilikuwa linapasuka chini ya miguu yao. Hamisi alikuwa wa bluu siku zote. Mimi nilikuwa mwekundu kila nilipowahi mlangoni kabla ya Ochieng', mtoto wa askari polisi wa chumba cha mwisho, aliyekuwa na vidole vyepesi na mdomo mrefu. Tulijaa pale mkekani watoto wa ploti nzima, magoti kwa magoti, tukisubiri zamu, na Mama Hamisi alitupitishia mihogo ya kukaanga kwenye karatasi bila kulalamika. Baba Hamisi akiwa hayuko safarini alikaa kitandani nyuma yetu, akitupigia makelele kama utingo anayemwelekeza dereva kurudi nyuma. "Inama! Inama, wewe Njoki! Unaogopa daraja kama ng'ombe!"

Kisha akaanza kukonda. Naandika neno lenyewe, ukimwi, kwa sababu mwaka ule hakuna mtu hata mmoja aliyelitamka kwenye ile ploti, na bado kila mtu alilisema kutwa. Walisema ile kitu. Walisema ule ugonjwa wa madereva. Mama yake Ochieng' alisimama mferejini akijaza mtungi na kusema, "Mficha maradhi kifo humfichua," kana kwamba yule mzee angeyataja maradhi yake, yeye angempikia uji. Lori likapewa dereva mwingine. Mama Hamisi akaanza kuuza ndizi sokoni, akitoka asubuhi na kurudi jioni. Chumba chao kilikuwa kimoja kama chetu, kwa hiyo akanunua kitambaa kizito cha maua akakipitisha kwa waya, kitanda kikawa upande wa pili na televisheni ikabaki upande wa mlangoni. Sisi tuliona pazia jipya tu. Tulipunguza sauti ya gemu kwa sababu tulifundishwa kwamba mgonjwa hapigiwi kelele, na ndipo tukasikia ile sauti kutoka nyuma ya pazia, tayari imekuwa nyembamba, "Nani amezima injini?" Hamisi akasema hatujazima, baba, tumepunguza upumzike. "Nipumzike nini? Nimeendesha lori maisha yangu yote. Injini ikinyamaza barabarani, ujue umekwama. Pandisheni sauti. Nyumba ikinyamaza hivi naona kama mmeshanizika." Hakuwa anatania. Nilimfahamu akitania, na ile haikuwa sauti yake ya utani. Yule mtu mkubwa aliogopa kimya kama mtoto anavyoogopa giza. Mchana kutwa alilala peke yake akisikiliza maji yakidondoka mferejini, na saa ambayo sisi tulitoka shule ndiyo saa aliyoishi kuingojea. Mama Hamisi alijua. Aliniambia mara moja akinipa kikombe cha chai, bila kuniangalia, "Nyinyi mkija anakula. Msipokuja, hali."

Watoto walianza kupungua mmoja mmoja. Ochieng' aliitwa na mama yake siku moja katikati ya mchezo, akaweka padi chini na hakurudi tena. Wengine walisema wana kazi ya shule, uongo mtupu. Nyumbani kwetu mama hakuzunguka mbuyu. Alikuwa akiuza mitumba, alirudi amechoka, na alisema akivua viatu, "Njoki, nisikuone tena kwa hiyo nyumba. Umeskia? Huyo mzee ako na ile kitu. Na hizo vitu mnashikashika zimejaa jasho ya hao watu." Nikamwambia mwalimu alisema haiambukizwi hivyo. "Mwalimu ndiye atakuzika?" Mama yangu hakuwa mwanamke mbaya, na nimechoka kuwasikia watu wakiwahukumu watu wa miaka ile kana kwamba wao wangekuwa malaika. Alikuwa na hofu, na alikuwa na mimi peke yangu. Lakini nitasema nilichokiona. Siku ya Idi Mama Hamisi alituletea sahani ya wali wa pishori, imefunikwa kwa kawa, nyama juu, harufu yake ikijaza chumba chetu chote. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akashukuru, akamwombea mgonjwa, akauliza hali. Mwenzake alipoondoka tu, akaichukua sahani hadi nyuma ya choo akaumwaga wali wote, nami niko mlangoni mate yananitoka. Halafu akaisugua ile sahani kwa majivu na maji moto, na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, akaijaza sukari akanituma niirudishe. Mama Hamisi aliipokea akasema, "Mwambie mama asante, hakuwa na haja." Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi moja asubuhi, wanawake wote wa ploti wakiwa mferejini na nguo zao, Mama Hamisi alitoka na karai. Alikuwa amevaa dera lake zuri, la kwenda harusini. Alimimina maji yaliyokuwa yakitoa moshi, akatia sabuni ya unga, akatia ile dawa ya kuua viini inayogeuka maziwa ikikutana na maji, na harufu ya hospitali ikatanda ua mzima. Kisha akatoa zile padi mbili za gemu akazizamisha. Mimi nilikuwa nasuuza soksi zangu, na nakumbuka nilifungua mdomo niseme kitu, lakini mtoto hamkatizi mtu mzima mbele ya watu wazima, na hata hivyo sikujua kwa hakika kama ni makosa. Alizisugua kwa brashi ya kufulia. Alisugua vitufe, akasugua nyaya kuanzia mwanzo hadi mwisho, akazigeuza akazisugua tena, na muda wote huo alikuwa akisalimia kwa sauti ya juu. "Mama Njoki, umeamkaje? Mimi naosha hivi vitu vya watoto. Nimeviosha na maji moto, mnaona. Mtoto akivishika sasa ni kama ameshika vya dukani." Hakuna aliyemjibu zaidi ya salamu. Mama yangu aliinamisha kichwa akakamua shuka ambayo ilikuwa imeshakamuliwa. Mama Hamisi akaziinua zikitiririka maji, akazibana kwa vibanio kwenye kamba, katikati ya kanzu za mumewe na sare ya Hamisi, na zikaning'inia pale kwenye jua dogo la Nyeri hadi jioni, ili kila mtu azione. Nimewahi kuona watu wakiomba wenzao kwa maneno mengi. Sijawahi kuona tena mtu akiomba namna ile.

Watoto hawakurudi. Na padi zilikufa zote mbili. Hamisi alizichomeka usiku ule na askari wa bluu akasimama pale msituni, haendi mbele wala nyuma, hadi akapigwa risasi. Fundi wa redio wa karibu na msikiti alizifungua, akatuonyesha ndani palivyoota kutu, akasema hizi hazipatikani labda Nairobi. Hamisi hakumwambia mama yake. Alisema, "Atajua ni yeye ameziua," na mimi nikaelewa kwamba hilo halikuwa neno la kumfikishia mwanamke ambaye anashinda sokoni na kukesha na mgonjwa. Ila baba yake je? Hapo ndipo Hamisi aligundua jambo ambalo wachezaji wote wa ile mashine walilijua bila kulijali. Ukiiwasha gemu ukaiacha bila kuigusa, inajionyesha yenyewe. Wale askari wanakimbia wenyewe, muziki unapiga, risasi zinalia, wanakufa, inaanza upya. Kwa hiyo kila jioni, mimi nikiwa nimetoroka kabla mama hajarudi, tuliketi mkekani na padi mikononi, nyaya zimezungushwa magotini hazijachomekwa popote, tukabonyeza na kupiga kelele. Tulikuwa wawili na tulilazimika kuwa wengi. Mimi nilikuwa Njoki, halafu nikawa Ochieng', nikizungumza kwa pua kama yeye. "Wewe umeniacha nyuma makusudi!" "Ruka, wewe! Ruka!" "Nipe zamu, si umekufa?" Nyuma ya pazia Baba Hamisi alituelekeza. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mtu anayenong'ona akiwa mbali, lakini alituelekeza. Siku moja alisema, "Hamisi. Siku hizi gemu haifiki daraja." Tulitazamana. Alikuwa mtu aliyeweza kusikia injini ya lori getini na kukuambia ni silinda ipi inayogonga. Nikasema mimi, kwa sababu Hamisi alishindwa, "Daraja ni ngumu, Baba Hamisi. Wametuwekea ngumu." Muziki ukaisha ukaanza tena. "Basi jaribuni tu," akasema. "Mimi siendi popote."

Mpaka leo sijui alijua kiasi gani. Hamisi anaamini alijua kila kitu na alitunyamazia, nami simpingi, kwa sababu ni baba yake. Ninachojua ni kwamba alikula. Jioni hizo bakuli la uji lilirudi tupu, na Mama Hamisi akirudi kutoka sokoni alisikia kelele tangu barabarani, akaingia uso umekunjuka. Aliamini padi zake alizozisafisha zinafanya kazi. Aliamini mtoto wa Mama Njoki anakuja kwa sababu yeye alisugua vizuri, na kwamba na wengine watafuata.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, na mvua haina huruma na muuza mitumba. Mama yangu alifunga mzigo mapema akarudi nyumbani akanikosa. Sisi tulikuwa mkekani. Baba Hamisi alikuwa ametuelekeza mara moja tu tangu niingie, neno moja, "kushoto," halafu hakusema tena. Nilidhani amesinzia. Muziki uliisha, ukaanza, ukaisha. Nikaanza kupunguza sauti yangu, kama mtu anavyofanya akiona mwenzake amelala, na Hamisi akanishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni. "Usinyamaze," akasema. "Njoki, tafadhali usinyamaze." Kwa hiyo sikunyamaza. Nilipiga kelele nikiwa Njoki na nikiwa Ochieng', nilisema nimekuua na umeniua, maneno ambayo watoto husema. Ndivyo mama alivyotukuta. Alisukuma mlango ambao alikuwa hajaupita tangu pazia liwekwe, mdomo wake tayari umefunguka kunifokea, akaona zile nyaya magotini kwetu, hazijachomekwa popote. Akazifuata kwa macho hadi mwisho. Akatazama televisheni ikijichezea. Kisha akatazama pazia.

"Baba Hamisi?" akaita. "Baba Hamisi, ni mimi, Mama Njoki." Akangoja. Akavua viatu, jambo ambalo hata siku za amani hakulikumbuka akiingia kwao, akapita nyuma ya pazia. Hatukusikia kilio wala neno. Tulisikia kitanda kikilia mara moja, maji yakimiminwa kwenye beseni, na kitambaa kikikamuliwa, taratibu. Alipotoka alikuwa kichwa wazi. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu bila kilemba mbele ya watu, na nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyojua. Kilemba chake kilibaki kule ndani, kimemfunga Baba Hamisi kidevu. Mikono yake, ile iliyomwaga wali nyuma ya choo, ilikuwa na maji na hakuifuta. Alipiga magoti mkekani kati yetu. Hamisi alikuwa ameacha kubonyeza. Mama akamshika kisogo akamwambia kwa sauti ya chini, "Kijana wangu, nisikize. Hii ploti iko na masikio. Nyumba ikinyamaza sasa hivi watakuja, wataanza kulia hapo nje, na mama yako atakutana na kilio kwa barabara, kwa mdomo ya watu hawakuwa wanamtembelea. Hiyo kilio ya kwanza ni yake. Si ya mtu mwingine. Amekaribia kufika. Unaweza kucheza kidogo?"

Hamisi akatikisa kichwa kwamba hawezi. Halafu akainua ile padi.

Tukacheza. Sijui niite nini kile tulichofanya, lakini tukacheza, kwa sauti, machozi yakitutiririka hadi mdomoni, na mama yangu amekaa kati yetu kichwa wazi, mkono mmoja mgongoni kwangu na mmoja mgongoni kwa Hamisi. Mvua ilikuwa imeacha. Tulisikia geti likiburutwa. Tulisikia viatu vyake kwenye matope, tukamsikia akitua kikapu kando ya mfereji na kujipangusa miguu, na akiwa bado kule nje, kwa sauti ya mwanamke ambaye biashara yake leo imemwendea vizuri, akatuita.

"Haya, leo nani anashinda?"

Mama alifumba macho. Hamisi akajifuta uso kwa mkono wa shati la shule.

"Ni mimi, mama," akasema. Na Mama Hamisi akacheka, akashika kitasa, akaingia.